Sange na Posho ya Mgonjwa

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa mkeka. Juu ya mkeka?
Mgonjwa.
Kando ya mgonjwa?
Wa kumuuguza.
Na mlangoni je, amesimama nani?
Mlangoni usituambie bado, ngoja tusogeleane.

Haya, sogeleaneni. Wa mwisho afunge mlango.

Basi palikuwa na Sange. Asiyemjua sange, ni mnyama mdogo, ampita panya kidogo tu, miguu kama njiti, na pua ndefu inayochezacheza, utadhani ni ndovu aliyezaliwa akakataa kukua. Na sange ni mwoga. Jani likianguka, sange mbio. Upepo ukivuma, sange mbio. Kivuli chake kikimtangulia njiani, humpisha apite.

Huyu wetu alikuwa binti, na aliishi na bibi yake, mama wa baba yake, chini ya kichuguu kilichohamwa na mchwa. Bibi alikuwa amepooza. Macho yalikuwa yanaona, ulimi ulikuwa mkali, lakini miguu ililala siku moja na haikuamka tena. Sange akawa ndiye miguu ya nyumba nzima. Alimgeuza bibi asiote vidonda, alimwosha, alimlisha, alimtoa uani akaote jua, akamrudisha ndani. Bibi naye alimtania kama mabibi wanavyowatania wajukuu, akimwita mke mwenzangu, akimwambia kwamba uji wake ni mwepesi kama machozi ya mamba.

Zamani hizo wanyama wote walilima shamba la Malkia Ndovu, na asiyelima hakupata chakula. Mwenye mgonjwa nyumbani alikuwa na mawili: aende shambani mgonjwa afe kwa kiu, au abaki na mgonjwa wafe wote kwa njaa. Hayo yaliendelea mpaka yakamfika Malkia mwenyewe. Mama yake aliugua, na kila alipoulizwa alisema kwamba haumwi, waende tu kazini. Wakaenda kazini. Jioni moja wakarudi wakamkuta amekufa peke yake, mkonga umenyooka kuelekea mtungi wa maji ambao hakuufikia.

Malkia alilia mpaka akaishiwa machozi. Alipoishiwa akatoa amri: tangu leo, atakayebaki nyumbani kumuuguza ndugu yake atalipwa posho sawa na aliyeshika jembe, kila mnyama kwa chakula cha ukoo wake, kwa maana kumuuguza mtu ni jembe pia, tena lisilo na mpini.

Amri ilikuwa njema na wanyama waliipokea kwa vigelegele. Ila wapo waliosema kwamba watu wataanza kulaza mama zao wazima ili wale bure, kwa hiyo atafutwe mkaguzi wa kupita nyumba kwa nyumba. Fisi akasimama. Akasema yeye ana miguu ya kufika kila mahali, na pua yake humjua mgonjwa tangu mbali. Hilo kila mmoja alilijua. Hakuna aliyependa, na hakuna aliyethubutu kusema neno.

Tangu siku ile Fisi, ambaye tangu hapo ni mtu wa giza, akaanza kutembea mchana.

Kweche, kweche, kweche, ndiyo miguu yake hiyo. Fu, fu, fu, ndiyo pua yake. Mgonjwa hutolewa uani, na Fisi humzunguka, fu miguuni, fu tumboni, fu shingoni. Kisha husema posho imekubaliwa, ila nusu ni chai ya mkaguzi. Nani atakataa? Watu wakatoa nusu. Mgonjwa anayekula nusu hukonda. Na Fisi akirudi safari ya pili, akimkuta mgonjwa amekonda, hutikisa kichwa kwa masikitiko, akasema huyu haangaliwi vizuri, nitamchukua nikamuuguze mwenyewe kwangu. Humtupa mgongoni akaenda naye. Na posho humfuata mgonjwa, ndivyo amri ilivyo.

Alimchukua baba mzee wa Bi Kanga, jirani yake Sange. Kesho yake Bi Kanga akamsimamisha njiani, akamwuliza hali ya baba.

"Anaendelea vizuri," akasema Fisi.

Alimchukua shangazi yake Nungu. Nungu akauliza. Anaendelea vizuri. Alimchukua mama yake Pimbi. Pimbi akauliza. Anaendelea vizuri. Wote waliendelea vizuri, na hakuna hata mmoja aliyerudi, na tumbo la Fisi lilizidi kuwa zito. Bi Kanga akafunga safari hadi boma la Malkia kushtaki. Walinzi wakamsikiliza kwa heshima, wakamwambia kwamba mambo yote ya wagonjwa hupelekwa kwa Bwana Mkaguzi. Kesho yake Fisi akabisha mlangoni kwa Bi Kanga, akamwuliza kwa upole kama yeye mwenyewe siku hizi anajisikiaje. Bi Kanga hakushtaki tena.

Zamu ya Sange ikafika. Mara ya kwanza Fisi alichukua nusu akaondoka. Sange akawa anampa bibi yote iliyobaki, naye mwenyewe akinywa maji na kujifunga tumbo. Haikusaidia. Bibi akakonda, mbavu zikaonekana. Mara ya pili Sange aliisikia ile kweche, kweche ikipanda kilima, na moyo ukamwenda ti, ti, ti mpaka akadhani na bibi anausikia.

Fisi akamnusa bibi. Fu miguuni, fu tumboni. Alipofika shingoni hakunusa. Alitoa ulimi akaramba, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi kama umekolea chumvi.

"Amekonda, binti," akasema. "Nitakuja kumchukua kesho jua la utosi. Mwoshe vizuri."

Akaenda zake, kweche, kweche. Sange alibaki palepale uani, miguu imekataa. Udenda wa Fisi ulikuwa bado unang'aa shingoni kwa bibi, na Sange hakuweza hata kuufuta. Bibi ndiye aliyejifuta mwenyewe kwa kiganja.

"Mke mwenzangu," akasema bibi, na safari hii hakutania. "Wewe una miguu. Nenda."

Sange akasema haendi. Bibi akamwambia kwamba mmoja akibaki ni bora kuliko wote wawili kwisha, na kwamba yeye amekwisha kula chumvi ya kutosha. Sange akasema haendi. Bibi akamtukana. Sange akamchukua akamrudisha ndani, akamgeuzia ubavu wa kushoto kama kawaida ya saa ile, kisha akajikunja mlangoni akalia.

Alipokuwa akilia akawaza. Kwa Malkia hakuna njia. Kupigana na Fisi, labda amkwame kooni. Je, Fisi naye kuna anayemwogopa? Yupo. Kwa mafisi mke ndiye mkubwa wa mwili na ndiye mwenye sauti, na Sange alikwisha kumwona Bi Fisi akizungukazunguka jalalani, amekonda, akitafuna ngozi kuukuu, huku mumewe ananenepa. Maana yake Bwana Mkaguzi anakula peke yake. Hapo Sange akaacha kulia. Hakuacha kuogopa, mwanangu, usidhani. Kulia tu ndiko alikokuacha.

Akamwomba Bi Kanga akae na bibi, akashika njia ya kwenda kwa Fisi, akijua kwamba saa zile mwenyewe yuko kwenye mizunguko yake.

Jani likaanguka. Sange akatetemeka, akaendelea. Upepo ukavuma. Akatetemeka, akaendelea. Harufu ikamjia kabla hajaliona pango. Mlangoni palikuwa na mifupa, mikubwa kwa midogo, na katikati ya mifupa akaona unyoya wa madoadoa, wa baba yake Bi Kanga. Akafumba macho akaupita. Ndani giza, na kwenye giza pumzi nyingi, haa, haa, haa.

Akapiga hodi, na sauti ikatoka kama uzi. Akakaribishwa. Akamwamkia Bi Fisi shikamoo, na kaka wawili wa Bi Fisi waliokuwa wamelala ubavuni mwa ukuta, nao wakainua vichwa wakamtazama kama watu wanavyoitazama karanga.

Sange akasema amekuja kutoa pole. Bi Fisi akauliza pole ya nini.

"Ya ugonjwa wa mzee," akasema Sange. "Sisi tunaouguza tunauona haraka. Anatoka udenda. Anachechemea, nyuma kumeshuka. Na anacheka peke yake, bila mtu kusema neno."

Kaka mmoja akasema hayo ni ya mafisi wote, hata yeye anayo. Sange akasema ni kweli, kwenu nyinyi yameanza, kwa mzee yamekomaa. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba kinachomsikitisha zaidi ni ile posho. Posho ya kumuuguza mtu mkubwa kama mkaguzi si mchezo: mifupa yenye uboho, ngozi mbichi, kila mwezi, mpaka mgonjwa apone. Nao ndugu wamekaa tu, hawajadai.

Pumzi zilikoma. Bi Fisi akamsogelea Sange mpaka pua zao zikakaribia kugusana, na Sange akaliona tumbo lake lilivyobonyea.

"Wewe unapata nini ukituambia hayo?"

Sange alitaka kukimbia. Miguu yake yote minne ilitaka. Akasema, "Nami nauguza, mama. Najua uchungu wa kumhangaikia mtu bila kupata chochote." Na kwa kuwa sehemu hiyo haikuwa uongo, ilimtoka vizuri.

Akawaeleza yaliyobaki. Mkaguzi hawezi kujikagua mwenyewe, kwa hiyo itabidi Malkia aje kumtazama. Kesho jua la utosi mzee atakuwa kwa kina Sange, uani. Waje wamchukue huko, mbele ya mashahidi, wampeleke nyumbani kama mgonjwa anavyopelekwa. Bi Fisi hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, mwonyesheni mgeni njia. Sange akatembea mpaka kwenye kona, akapinda kona, na kuanzia hapo hakuna aliyemwona isipokuwa vumbi.

Kesho yake akamwita Bi Kanga awe shahidi, akamwosha bibi. Akamtoa uani. Jua likapanda. Akatazama njia ya kwa Bi Fisi: hakuna mtu. Jua likafika utosini. Akatazama tena: hakuna mtu. Kwenye njia nyingine akasikia, kweche, kweche, kweche.

Fisi alikuwa ametoka kula mahali, midomo imelowa. Akasema mgonjwa amenawiri kwa kuoshwa. Akainama amtwae. Sange akamwambia atulie kidogo akamletee maji, Fisi akasema hana kiu. Sange akasema amletee nguo za bibi, Fisi akasema huko aendako hazihitaji. Sange akatazama njia. Hakuna mtu. Meno yalikwisha kumshika bibi kwenye ngozi ya bega, na bibi akaanza kunyanyuka kutoka ardhini, miguu inaning'inia. Sange akafungua kinywa na hakikutoka kitu.

Aliyesema ni bibi.

"Niteremshe kwanza. Siendi nisikokujua. Huko kwako nitalazwaje?"

Fisi akamtua, akasema atalazwa vizuri. Bibi akasema vizuri ni neno tu, yeye ni mzee, hana subira na maneno, na kwamba ameambiwa Bwana Mkaguzi anajua mengi lakini jinsi mgonjwa anavyolala hajui, angejuaje, hajapata kuuguza.

Hapo alimgusa Fisi penyewe. Fisi akasema yeye amewaona wagonjwa wengi kuliko mnyama yeyote mbugani, hakuna asichokijua. Bibi akasema haya, tuone. Fisi akajilaza chali uani. Sauti ya Sange ikarudi, nyembamba, ikasema mgonjwa hasa hulala ubavu. Fisi akageuka ubavu. Sange akamfunika kwa majani ya mgomba, asipate baridi. Fisi akaona raha. Sange akamfunga jani lililoloweshwa kwenye paji la uso, kushusha homa. Fisi akafumba macho. Mtu wa usiku huyo, tumbo limejaa, jua la mchana, jani la baridi usoni. Bibi akamwambia kwamba hapo amepatia, ila wagonjwa huwa wanaugulia.

"Ooo," akaugulia Fisi. "Ooo, nakufa."

Na wakati huohuo, kweche-kweche, kweche-kweche, kweche-kweche, Bi Fisi na kaka zake wakatokea nyuma ya kichuguu. Walikuwa wamechelewa kwa sababu walibishana njia nzima nani atashika posho. Wakamkuta Bwana Mkaguzi amefunikwa, amefungwa paji la uso, anaugulia kwamba anakufa, na Bi Kanga amesimama pembeni anashuhudia.

"Pole, mume wangu," akasema Bi Fisi, akamkalia.

Fisi akasema haumwi. Wakasema pole. Akasema niacheni, siumwi. Wakasema pole sana. Woga ukamshika, na fisi akishikwa na woga hucheka, ndivyo alivyoumbwa. Akacheka hwi-hi-hi-hi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kaka mtu akatikisa kichwa, akasema kumbe hali imefika huku. Wakambeba juujuu, na Sange akamsikia akicheka mpaka bondeni.

Bi Fisi alipodai posho, Malkia Ndovu alikuja kumkagua mkaguzi wake. Ardhi ilifanya gubu, gubu, gubu, na wanyama wakamfuata nyuma, Sange akiwa wa mwisho kabisa, kwenye nyasi ndefu. Bi Fisi alikuwa amemlaza mumewe mlangoni mwa pango, amefungwa kwa kamba asianguke. Malkia akamwuliza anaumwa nini.

"Siumwi, Malkia," akasema Fisi. "Nakuapia, siumwi kabisa."

Malkia alimtazama kwa muda, macho yakamlowa. Akasema mama yake naye alisema hivyohivyo, mpaka siku ya mwisho.

Akageuka aondoke, na mguu wake ukakanyaga mfupa. Ndovu huijua mifupa. Akainama, akaugusa kwa ncha ya mkonga, akaugusa na mwingine, na mwingine, akaipitia yote mmoja mmoja. Alipofika kwenye ule unyoya wa madoadoa, Bi Kanga akapiga kelele moja tu nyuma ya umati. Malkia akasimama wima. Hata Bi Fisi alirudi nyuma.

"Ugonjwa huu ni mbaya," akasema Malkia. "Mlisheni uji. Asitoke humu. Na siku mtakayoniambia amepona, nitakuja mwenyewe kuzungumza naye."

Basi Fisi akauguzwa. Uji mwepesi asubuhi, mwarobaini jioni, mchana kugeuzwa. Akipata nguvu kidogo, uji hupunguzwa. Akisema amepona, mkewe humfunga jani jipya kwenye paji, kwa kuwa posho ilikuwa nzuri na hakuna ndugu aliyetaka ikatike, na yeye mwenyewe kila akikumbuka mazungumzo na Malkia husema kweli bado kichwa kinamgonga.

Kwa kina Sange posho ikaja nzima. Bibi akarudisha mwili, ulimi ukazidi ukali. Sange naye hakuacha woga. Upepo ukitoka upande wa pango huleta kicheko, hwi-hi-hi, nacho kikimkuta anamwosha bibi, mikono hutetemeka, bibi humwambia asimmwagie maji puani. Wakaishi hivyo mvua zikaja zikapita. Bibi akafa asubuhi moja juu ya mkeka wake mwenyewe, kichwa kwenye paja la mjukuu wake, baada ya kulalamika kuhusu uji. Sange akamgeuzia ubavu wa kushoto kama kawaida ya saa ile, ingawa haikuwa na haja tena, akakaa naye. Kisha akaenda shambani, akashika jembe. Walimuuliza mbona hakudai posho ya mwezi ule wa mwisho. Akasema siku zile hakuna aliyeuguza wala kuuguzwa. Yeye na bibi walikuwa wanazungumza tu.

Na funzo lake, maana mtanidai: watoto, msiseme uongo. Mwongo hafiki mbali. Mnaona Sange, alidanganya, naye hakufika mbali. Alifika kwa Fisi tu, akarudi nyumbani akamkuta bibi yake. Funzo la pili: waheshimuni wakaguzi, wanaumwa. La tatu: ukiona ndugu zako wamekupenda ghafla, wanakufunika na kukuuliza umelalaje, inuka urukeruke uani majirani wakuone.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Mwenye kichwa ajitwike, mwenye bibi akamgeuze ubavu.